Mawe Ndani ya Mkoba

Kila asubuhi Nakeno alichota maji, akawafungulia mbuzi zizi, kisha akaenda shuleni mjini Lodwar, Turkana. Siku hizo alitembea amenuna. Alikuwa na kigugumizi, na kwenye mashindano ya mashairi huko Kakuma maneno yalimkwama jukwaani. Waliporudi, Namuria, msichana aliyeketi naye dawati moja, alimwigiza mbele ya darasa zima: "Na-na-na-nchi ya-ya-yangu!" Wote wakacheka.

"Atanilipa," Nakeno alijiapiza.

Jumamosi chama cha skauti kilikuwa kinakwenda kupanda mlima nje ya mji. Mwalimu Lokuruka alikagua mikoba uwanjani: maji ya kutosha, kofia, bendeji na filimbi. Apua alikuja na kandambili, akarudishwa nyumbani kuvaa viatu.

"Mlimani hakuna duka wala bomba," mwalimu alisema. "Usichobeba, huna."

Ukaguzi ulipokwisha, skauti wengine walikimbilia uji. Nakeno akabaki peke yake na mikoba. Alitoa chupa zote za maji za Namuria, akazificha nyuma ya darasa, akatia mawe mahali pake. Alipofunga zipu alitabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile.

Jua lilikuwa kali walipofika katikati ya mlima. Namuria alifungua mkoba, akaona mawe. Alitazama huku na huku, kisha akaufunga upesi. Aliona aibu kusema, maana njia nzima alikuwa akijigamba kwamba yeye ndiye hodari wa kupanda. Nakeno alikunywa maji yake taratibu, makusudi, ili Namuria amwone.

"Onja na wewe," alisema moyoni. Raha ilimjaa kifuani.

Waliendelea kupanda. Namuria alianza kubaki nyuma. Midomo ilimkauka, akapepesuka, akaketi juu ya mwamba uliokuwa ukichoma kama kikaango.

"Una nini?" Nakeno alimuuliza.

"M-m-ma..." Ulimi ulikuwa mzito. Neno halikutoka.

Nakeno aliganda. Hiki ndicho alichokuwa akikitamani wiki nzima, naye hakuweza kucheka. Macho ya Namuria yalikuwa yanajifumba.

"Mwalimu!" alipiga kelele, kisha akapuliza filimbi kwa nguvu zake zote. Alimnywesha Namuria kidogo kidogo, akamlowesha shingo kwa maji yaliyobaki. Mwalimu Lokuruka alifika mbio. Walimbeba hadi kivulini mwa mgunga, wakampepea kwa kofia, wakampa maji zaidi mpaka macho yakafunguka vizuri.

Mwalimu alipofungua mkoba wa Namuria, alitoa jiwe, akaliinua wote walione.

"Nani aliweka mawe haya?"

Nakeno angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemwona. "Ni-ni-mimi, mwalimu. Ali-alinicheka. Nili-nilitaka a-aumie."

Apua aliguna, lakini Namuria aliinua mkono kumzuia. Alimsikiliza Nakeno mpaka neno la mwisho, bila kumkatiza.

"Ni kweli nilimcheka," alisema kwa sauti dhaifu. "Nisamehe, Nakeno."

"Na wewe u-unisamehe."

Safari ya kileleni iliishia hapo. Waliposhuka, Nakeno alibeba mikoba miwili, na kwa muhula uliobaki alikatazwa kwenda matembezini. Hakulalamika.

Kabla ya kuagana, mwalimu aliwaketisha wote chini.

"Namuria, ulimi wako ulimjeruhi mwenzako, nawe ulipokosa maji ukaficha shida yako kwa kiburi. Mlimani, mwenye shida husema mapema. Nakeno, ulikuwa na haki ya kukasirika. Ungekuja kwangu. Lakini anayetoa maji kwenye mkoba wa mwenzake katika jua la Turkana halipizi kisasi, anaua. Leo mmeponea chupuchupu, kwa sababu mmoja wenu alipuliza filimbi wakati bado palikuwa na nafasi, kisha akachagua kusema kweli. Kesho fungeni mikoba yenu vizuri, na kabla ya kuifunga, toeni chuki iliyomo."