Sketi ya Dada Miwani

Kila siku akitoka shule, Kidole alivua sare, akala chakula chake amesimama, kisha akashuka chumba cha mbele ambako mama yake aliweka cherehani. Kazi zake pale zilijulikana: kuokota vipande vya nguo sakafuni, kupachika vifungo, kupiga pasi nguo zilizokamilika na kuzifunga kwenye karatasi. Mama yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Fundi, hakupenda maneno mengi wakati wa kazi. Nguo haikutoka mlangoni mwake mpaka aigeuze ndani nje, avute kila mshono kwa vidole, aridhike.

Jina la Kidole alipewa na wenzake shuleni, kwa sababu hakuweza kuongea na mtu bila kumnyooshea kidole. Na tangu mwalimu wa shule ya Jumapili awaambie watoto kwamba imani haiishii kanisani, kwamba waishuhudie kwa watu hata sokoni, hata jikoni, hata wakiwa kazini, Kidole hakumwachia mtu nafasi ya kupumua. Muuza mkaa aliambiwa aache matusi. Kinyozi aliambiwa azime redio yake. Wasichana wenzake waliambiwa kwamba Mungu anawaona wanavyochekacheka ovyo. Wakawa wakimwona tu wanapita njia nyingine, naye akazidi kununa. Alikuwa na miaka kumi na miwili, lakini hasira aliyokuwa nayo kwa watu wasiomsikiliza ingemtosha mtu mzima na chenji ikabaki.

Aliyemuudhi kuliko wote ni Dada Miwani. Huyu alikuwa mpangaji wa chumba cha juu, mcheshi, mpole kwa watoto, mwenye miwani mikubwa iliyokuwa ikimteremka puani kila akicheka. Jumapili asubuhi alilala mpaka jua lipande. Kidole alishamgongea mlango mara nyingi.

"Shikamoo, dada. Leo twende kanisani."

"Marahaba. Siku nyingine, mdogo wangu. Leo nimechoka."

"Siku ya mwisho hutasema umechoka. Moto hauna siku nyingine."

Dada Miwani alicheka, akafunga mlango taratibu. Kicheko kile kilimkaa Kidole rohoni. Alishuka ngazi akipiga miguu kwa kishindo, akisema peke yake kwamba iko siku atamnyoosha.

Dada Miwani alikuwa ametafuta kazi mpaka viatu vikamwishia miguuni. Mwishowe hospitali moja ya macho ikamwita kwenye usaili. Walitaka mtu wa mapokezi. Akaleta kitambaa cha bluu iliyokolea, akaomba ashonewe sketi ya ofisini, ya kubana kiasi, yenye mpasuo nyuma.

"Hii ndiyo nafasi yangu, Mama Fundi," alisema huku anapimwa kiuno. "Nikiikosa, narudi nyumbani kwa baba. Na nilivyoondoka kule unajua."

Mama Fundi alijua. Aliikata sketi ile kwa uangalifu kama anamkatia binti yake wa kumzaa.

Jioni ya kuamkia siku ya usaili, sketi ilikuwa tayari. Uzi ukamwishia Mama Fundi katikati ya kazi nyingine, akachukua kikapu chake. "Ipige pasi, uifunge vizuri," alimwambia Kidole. "Dada yako akija, mpe. Nimeshaikagua."

Kidole akaitandaza mezani. Hapo ndipo macho yake yalipoangukia ule mpasuo. Ulikuwa mpasuo wa kawaida kabisa, umepanda kidogo tu juu ya goti, lakini kwake yeye ulikuwa kama mtu anamtolea ulimi. Kumbe ndivyo! Kusali hataki, ila miguu aionyeshe ofisini! Damu ikamchemka. Akayakumbuka maneno ya mwalimu, kwamba mtu ashuhudie hata akiwa kazini. Basi si yuko kazini?

Akakaa kwenye cherehani, akaushona mpasuo wote kutoka juu mpaka chini. Akarudia mshono mara ya pili ili usije ukafumuka. Kisha akapitisha pasi juu yake, pakawa laini kana kwamba hapajawahi kuwa na kitu. Dada Miwani alipokuja, Kidole alimkabidhi kifurushi huku anatabasamu.

"Asante, mdogo wangu. Uniombee kesho."

"Nitakuombea," alisema Kidole, na kweli usiku alimwombea.

Kesho yake mchana, Kidole alikuwa ameinama anaokota vipande vya nguo, Dada Miwani akaingia. Hakupiga hodi. Sweta alikuwa amelifunga kiunoni, miwani ameishika mkononi, na macho yamemwiva kwa kulia. Lakini alikuwa amekwisha kulia. Sasa alikuwa amefura.

"Mama Fundi, nilikukosea nini?"

Akalifungua sweta, akageuka. Mshono wa Kidole ulikuwa imara kweli, haukuachia hata uzi mmoja. Kitambaa ndicho kilichochanika kando yake, kikapanda hadi karibu na kiuno.

"Asubuhi niliona nikitembea inanikaba miguu," alisema, na sauti ikaanza kumpanda. "Nikasema labda ndivyo zilivyo, nyuma sikutazama, na muda nao ulikuwa unanikimbia. Kule lifti mbovu, tukaambiwa tupande ngazi. Sikufika hata katikati. Nilianguka kwa magoti, nguo ikaachia hivi, mbele ya wote waliokuja kuomba kazi ileile. Wakacheka, Mama Fundi. Niliitwa jina, sikuingia. Ningeingiaje?"

Mama Fundi aliupinda upande wa nyuma, akautazama mshono. Ulikuwa umerudiwa mara mbili, umekwenda upogo kidogo, wa mtu mwenye haraka. Akainua macho, akamwangalia Kidole. Kidole akaangalia sakafu. Hapo Mama Fundi alijua, na mishipa ya shingo ikamsimama. Lakini alipofungua kinywa, alimgeukia mteja wake.

"Nguo imetoka kwangu, kosa ni langu," alisema. "Nisamehe, mwanangu. Panda ukabadilishe, uniletee hiyo. Naishona upya sasa hivi, halafu nitakwenda nawe mwenyewe nikawaeleze."

Kidole hakuvumilia. Mama yake, mtu wa kanisani, anainamisha kichwa mbele ya mtu huyu!

"Kwa nini umwombe msamaha, mama? Mimi ndiye niliyeushona. Mpasuo ule haukuwa na adabu. Na yeye hata kusali hasali."

Dada Miwani akavaa miwani yake, akamtazama vizuri, kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

"Kumbe ni wewe. Siku zote hizi unanigongea mlango. Umeniita mvivu, umeniambia nitaungua, nami nikanyamaza, nikasema ni mtoto. Kumbe jana unanitabasamia, umeshanimaliza!" Akapangusa uso kwa kiganja. "Jumapili hii nilitaka kuja huko kwenu. Nilisema nikipata kazi nitakuja kushukuru. Sasa nije kufanya nini? Mkanishone na miguu yenyewe?"

Kidole akamnyooshea kidole kutaka kubisha. Dada Miwani akapanda juu, na mlango wake ukasikika mtaa mzima.

Mama Fundi akamgeukia binti yake. "Usinyooshe hicho kidole chako. Kishushe. Ukitaka kumwambia mtu habari za Mungu, una mdomo. Nguo yake umeifuata nini? Ulimdanganya mteja wangu machoni, halafu ukaenda kupiga magoti kumwombea. Unamwomba Mungu gani hapo?"

"Nilitaka anyooke," Kidole alisema, machozi yakimlengalenga.

"Ulitaka umkomoe, kwa kuwa alikucheka. Ukaja ukamsingizia Yesu."

Neno hilo lilimchoma Kidole kuliko kofi. Alitaka kubisha, akakuta hana la kubisha, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na yeye mwenyewe alijua tangu alipokaa kwenye cherehani. Mama Fundi akapanda juu, akamsihi Dada Miwani akubali kwenda, akarudi na sketi. Kidole akapewa wembe, akafumua mshono wake uzi mmoja mmoja, huku mama yake anakata upande mpya wa nyuma kwenye kitambaa kilichobaki. Nguo za wateja wengine zilisubiri. Mmoja alikuja, akakuta yake haijakamilika, akafoka. Mama Fundi akamwomba radhi, akaendelea kukata.

Wakaenda hospitali wote watatu. Msimamizi wa usaili alikuwa anafunga droo za meza yake, mtu mzee mwenye uso wa uchovu.

"Usaili umekwisha tangu asubuhi," alisema kabla hawajakaa.

Mama Fundi alimgusa Kidole begani. Kidole akapiga moyo konde, mikono nyuma, akaeleza yote, toka mlango aliokuwa akiugonga mpaka mshono alioshona mara mbili. Hakusema kwamba alikuwa na nia njema. Msimamizi alimsikiliza huku uso unazidi kukunjamana.

"Unajua kwamba umemwangusha mtu kwenye ngazi za mawe? Angevunjika shingo je?"

"Najua. Sikufikiri hivyo, lakini sasa najua."

Mzee akampa mgongo, akamgeukia Dada Miwani. "Njoo kesho asubuhi, kama wenzako walivyokuja. Siahidi kitu."

Dada Miwani akaenda, akapanda ngazi zile kwa sketi yake mpya, na kabla juma halijaisha akaitwa kazini. Jioni aliyopata habari alishuka kwa Mama Fundi. Kidole alikuwa pembeni anapachika vifungo.

"Nimepata," alisema Dada Miwani. Mama Fundi akamkumbatia. Walipoachiana, yule dada akabaki amesimama, anakunja na kukunjua kona ya kitambaa mezani.

"Kuna kitu kinanisumbua, Mama Fundi. Ulipoushika ule mshono ulishajua si wako. Nilikuona. Na nilikuwa nakutolea maneno makali. Kwa nini ulisema kosa ni lako?"

Mama Fundi aliacha cherehani. Katika muda wote Dada Miwani aliokaa kwenye chumba cha juu, Mama Fundi hakuwahi kumwambia neno la dini. Alikuwa akimsalimu tu, akimwuliza kama amekula, na kumshonea nguo zake inavyotakiwa.

"Kwa sababu mimi nilibebewa langu," alisema. "Nilikuwa na makosa yangu, mengine hata siwezi kukutajia, na Bwana Yesu akayabeba kabla sijanyooka, wala sijaahidi kunyooka. Mtu aliyefanyiwa hivyo hawezi kumtupia mtoto wake kosa mbele ya watu. Ni hivyo tu, mwanangu."

Dada Miwani akamgeukia Kidole.

"Huyu aliniambia habari za moto tu," alisema. "Hii hakuwahi kuniambia."

"Alikuwa hajaisikia vizuri mwenyewe," alisema Mama Fundi.

Kidole akaweka kifungo chini. "Dada, nisamehe."

"Bado nina hasira na wewe," alijibu Dada Miwani. "Nitakusamehe, lakini usiniharakishe." Akaaga, akaenda zake.

Kidole alilia, na safari hii hasira yote ilikuwa juu yake mwenyewe. Mama yake alimwacha alie mpaka akamaliza.

"Sikiliza, mwanangu," alisema. "Habari njema mtu hashonewi kwa siri wakati hayupo. Anaambiwa, na akiipenda anaivaa mwenyewe. Kazi yako ni kuwa mkweli kwake, umtendee haki, umpende kama alivyo. Siku akikuuliza kwa nini uko hivyo, mwambie, tena kwa upole."

Kidole akafuta pua. "Na asipouliza maisha yake yote?"

"Basi atakuwa ameishi na jirani mwema, na nguo zake zimeshonwa sawasawa," alisema Mama Fundi, akivuta kiti chake karibu na cherehani. "Hayo nayo Mungu anayaona."