Kioo cha Helmeti ya Baba

Kila Ijumaa, kabla jua halijazama na Sabato kuingia, nyumbani kwa kina Bosibori kazi huwa ni moto moto. Mama hupika chakula cha siku mbili, naye Bosibori huosha pikipiki ya baba yake, Ochoki, anayebeba abiria mjini Ogembo.

Ijumaa hiyo kioo cha plastiki cha helmeti kilikuwa na matone ya lami. Sabuni haikufua dafu. Baba alikuwa amemkataza kabisa kugusa petroli, lakini Bosibori si mtoto wa kushindwa. Alifungua skrubu akakitoa kioo, akachovya kitambaa kwenye petroli, akasugua, lami ikatoka! Akakirudisha kioo na kukaza skrubu kwa nguvu zake zote. Muda si muda, kando ya skrubu ikatokea mistari myembamba kama nywele. Aliifuta, haikufutika. Akaitundika helmeti ukutani, akafyata ulimi.

Sabato nzima hakutulia. Kanisani aliimba, mawazo yake yakiwa ukutani. Aliporudi alikimbilia helmeti. Mistari ilikuwa imerefuka, na hakuna aliyeigusa! Chakula kilimshinda. Alichungulia tena na tena, na kila mara aliogopa zaidi.

Jua lilipozama, Baba akaichukua helmeti.

"Kuna mteja ananingoja. Narudi sasa hivi."

"Baba, usiivae!" Bosibori aliing'ang'ania huku akilia. "Niliisugua kwa petroli. Kioo kina nyufa."

Baba alikibonyeza kioo kwa kidole gumba. Ta! Kikavunjika, ncha yake kali kama wembe.

"Na kama ningekuwa mwendoni?" Baba aliuliza. Akampigia mteja simu kumwomba radhi, kisha akaketi na Bosibori.

"Sikiliza, mama. Plastiki hii ngumu huonekana shwari, kumbe pale skrubu ilipobana inavutwa kwa nguvu. Petroli ikiingia hapo, nyufa ndogo huanza. Huendelea polepole, halafu kioo chote huvunjika ghafla. Kugusa petroli ni kosa, na kesho utachuma majani chai shambani mpaka jioni. Lakini kule kunyamaza kwako ndiko kungenitoa jicho. Ukikosea, niambie siku hiyo hiyo, hata kama unaniogopa."

"Nitakuambia, Baba."

"Haya, nenda ule."

Bosibori alikula sahani mbili.