Pua ya Valdir na Dawa Inayongoja Mwanga

Baridi ikibana, Valdir na mkewe Nelci hutoa viti nje baada ya chakula cha mchana. Huota jua, humenya chenza, huku kibuyu cha chai chungu ya majani yaitwayo mate kikienda mkono kwa mkono. Nani asiyefanya hivyo huku kwetu Rio Grande, kusini mwa Brazili?

Mwaka mmoja Valdir alikuwa na kidonda puani. Kilikauka, kikatoa damu, kikakauka tena. Alidai amekwaruzwa na mizabibu. Mizabibu gani hiyo inayokwaruza mahali palepale miaka miwili? Nelci alichoka kubishana, akamburuta hospitali. Madaktari wakakata kinyama kidogo, wakakipima. Ilikuwa kansa ya ngozi, lakini ya juujuu, na ingetibiwa kwa dawa na mwanga.

Siku ya matibabu walimpaka dawa, wakafunika pua kwa bandeji, wakamwambia angoje ndani kwa muda wa saa tatu. Nelci akatoka kununua mkate. Aliporudi, kiti kilikuwa kitupu. Valdir alikuwa uani mwa hospitali, bandeji mfukoni, uso ameuelekeza juani, anamenya chenza. Pua ilikuwa imevimba, nyekundu. Nelci alipiga kelele kuita muuguzi.

“Si wamesema dawa inataka mwanga?” Valdir alisema. “Nawapunguzia kazi.”

Muuguzi Loreni, jirani yao, alimvuta ndani kwa mkono.

“Shemeji, umejichoma. Dawa hii hujikusanya zaidi penye kansa, kisha inangoja mwanga ndipo iiue kansa. Taa yetu ina kipimo. Jua lina kipimo gani?”

Matibabu yakaahirishwa. Wiki nzima Valdir alilala na kitambaa cha maji baridi usoni, akibambuka ngozi. Nelci alihofia pua itakatwa.

Pua ilipopoa walirudi. Safari hii daktari alimpaka uso wote, na Nelci akamlinda mlangoni. Saa tatu zilipotimia, chumba kikatiwa giza, ikawashwa taa ya zambarau ya kuonyesha dawa ilikojikusanya. Pua ya Valdir iling'aa nyekundu kama kaa la moto. Karibu na sikio, mahali ambapo hapakuwa na kidonda chochote, paling'aa doa jingine. Nelci alijiziba mdomo.

Kisha ikaja taa nyekundu ya kutibu. Iliuma, Valdir akavumilia. Nyumbani alikaa siku mbili mapazia yamefungwa, hata dirishani hakusogea.

Baada ya miezi mitatu walimpaka tena dawa, wakawasha ile taa ya zambarau. Hakuna kilichong'aa. Valdir alilia bila kuona haya, kisha akainuka kitini, akamwonyesha Nelci kwa kidole.

“Mkalisheni na huyu,” alisema. “Jua lililonipiga mimi shambani lilimpiga na yeye.”

Nelci alicheka, akasema yeye hana kidonda. Halafu akakumbuka lile doa la karibu na sikio. Nalo halikuwa kidonda.

Akavua kitambaa cha kichwa, akakaa.