Kwa Nini Babu Aliikataa Porto

Kila asubuhi ya likizo Tomé alikuwa na kazi moja: kununua mkate wa moto na kuupeleka kwa Babu Anselmo kabla haujapoa. Haikuwa kazi ndogo. Mji wa Covilhã umejengwa ubavuni mwa mlima, na nyumba ya Babu ilikuwa juu kabisa ya ngazi za mawe, karibu na kiwanda cha sufu kilichofungwa miaka mingi iliyopita. Babu alifanya kazi humo tangu ujana wake, akitia rangi sufu, na hata sasa alikataa kuhamia mtaa wa chini wenye njia nyepesi.

Asubuhi hiyo Tomé alipanda ngazi mbiombio. Babu alikuwa ameahidi kwamba mwezi wa saba atawachukua wajukuu wake wawili, Tomé na binamu yake Mafalda, wakazunguke Ureno kwa treni. Leo walikuwa wanachagua miji. Tomé alikuwa na miaka kumi na miwili na hajawahi kuvuka mji wa jirani wa Castelo Branco.

Alimkuta Mafalda ameshafika. Alikuwa amemzidi Tomé miaka miwili, na siku hizi kila mara alikuwa ameshafika. Ramani ya nchi ilikuwa imetandazwa mezani, kando ya kahawa ya maziwa.

"Ni nani huyo?" Babu aliuliza mlango ulipofunguka.

"Ni mimi, Babu. Nani mwingine anakuletea mkate?"

"Aa, Tomé. Kaa. Sisi ni watatu, basi tutakwenda miji mitatu. Kila mtu achague wake. Anza wewe."

"Porto," alisema Tomé, hata kiti hajakivuta. Alikuwa ameuwaza mji huo tangu majira ya baridi: mto Douro, na lile daraja la chuma lenye njia mbili, moja juu ya nyingine, ambalo vijana wa huko hujirusha kutoka juu yake na kuingia majini.

Babu alikohoa. "Porto ina mvua."

"Mwezi wa saba, Babu?"

"Tena ina vilima. Unapanda, unashuka, unapanda tena."

"Kwani hapa kwetu ni tambarare?"

"Mwache Babu anywe kahawa yake," Mafalda aliingilia. "Mimi nachagua Coimbra."

Uso wa Babu ulichangamka palepale. "Coimbra, vizuri sana. Mimi nitachagua Lisboni. Na badala ya Porto, Tomé, twende Évora. Utaipenda."

Tomé alimtazama Babu, kisha Mafalda. Binamu yake aliinamisha kichwa na kuanza kuikunja ramani upesi, kama mtu anayefunga duka kabla mteja hajauliza bei. Mji wa Mafalda ulikuwa umekubaliwa bila neno. Wa kwake ulikuwa umetupwa kwa sababu ya mvua isiyokuwepo.

Kuanzia siku hiyo Tomé hakuwa na raha. Alianza kuwachunguza.

Aliona kwamba Mafalda humsomea Babu gazeti, na akiingia yeye, usomaji hukoma na gazeti hukunjwa. Aliona kwamba wakitoka kwenda mkahawani, Mafalda humshika Babu mkono na kumsemesha kwa sauti ya chini njia nzima. Siku nyingine Babu alivaa soksi moja nyeusi na nyingine ya kahawia, yeye ambaye zamani aliweza kutofautisha rangi mbili za buluu ambazo wengine waliona ni moja. Tomé alipotaka kucheka, Mafalda alimkanyaga mguu chini ya meza.

Halafu, Jumamosi moja, alisimama nje ya mlango na mkate mkononi, akasikia maneno ambayo hakuyatarajia.

"Tomé asijue," Babu alisema. "Akijua yeye, mama yake atajua siku hiyohiyo."

"Sitamwambia, Babu. Lakini mpaka lini?"

"Mpaka safari iishe."

Mkate ulikuwa wa moto, lakini Tomé hakuingia nao. Aliuacha mkate kizingitini, akateremka ngazi kadhaa, akakaa kumsubiri binamu yake.

"Umempa nini Babu?" alimuuliza Mafalda alipotokea.

"Nimempa supu ya kabichi. Ukitaka, sufuria bado iko jikoni."

"Usinichezee. Unaitaka Coimbra kwa sababu ya hicho chuo kikuu unachokiimba kila siku. Umemtia Babu maneno mpaka akaikataa Porto."

"Ndiyo, na joho nimeshalivaa. Hulioni?" Mafalda alijaribu kucheka, lakini kicheko hakikufika machoni. "Tomé, acha tu. Évora ni pazuri."

"Wewe umeijulia wapi?"

Mafalda alishika njia yake. Kwa Tomé, kuondoka huko kulikuwa ushahidi tosha.

Usiku aliwaza namna ya kumpata Babu peke yake. Aliamini kwamba Babu akiwa mbali na Mafalda, atasema kweli. Kulipokucha, alimpigia binamu yake simu na kumwambia kwamba Babu hataki mtu asubuhi hiyo, anakwenda kunyoa. Kisha akapanda kwa Babu na kumwambia kwamba Mafalda anaumwa kichwa. Ulikuwa uongo mara mbili kabla ya kifungua kinywa, na ulimtoka kwa urahisi uliomshangaza mwenyewe.

"Twende stesheni, Babu," alisema. "Tukaulize tu habari za treni. Kuuliza hakuna ubaya."

Babu alisita. "Tumsubiri Mafalda apone."

"Kwani mimi si mjukuu wako?"

Neno hilo lilimchoma mzee. Alichukua kofia yake, wakatoka.

Tomé alitangulia. Alisikia nyayo za Babu nyuma yake, zikienda polepole, na kiganja chake kikikwaruza kuta za nyumba. Alidhani Babu anajikokota makusudi ili wachelewe. Hakugeuka. Walipanda basi la kushuka bondeni.

Stesheni ilikuwa na abiria wachache. Jua lilikuwa kali, na jukwaa la mawe meupe liling'aa kiasi cha kuumiza macho.

"Babu, hebu soma pale ubaoni," Tomé alisema. "Treni ya Guarda inaondoka saa ngapi? Wanaokwenda Porto hubadilisha treni huko."

Babu aliinua uso kuelekea ubaoni, akaushusha. "Sioni vizuri. Nimesahau miwani."

"Miwani umeivaa, Babu."

Mzee aligusa uso wake. Vidole vyake viliipata fremu.

"Kwa nini unanidanganya?" Tomé aliuliza. Sauti ilimpanda kuliko alivyokusudia, na mwanamke mmoja aliyekaa benchini aligeuka kuwatazama. "Unamficha nini Mama? Mafalda amekufanya nini?"

"Turudi nyumbani," Babu alisema. Aligeuka kwa haraka, kama mtu anayekwepa kuonekana akilia, akapiga hatua kuelekea alikodhani kuna mlango.

Hapakuwa na mlango. Palikuwa na ukingo wa jukwaa. Mguu wake ulikanyaga hewa, na Babu alianguka chini kwenye reli.

Tomé alikimbia mpaka ukingoni na kutaka kuruka, lakini mfanyakazi wa reli, mwanamume mnene mwenye fulana ya rangi ya machungwa, alimrudisha nyuma kwa mkono mmoja.

"Baki hapo hapo. Usisogee," alimwamuru. Alizungumza haraka kwenye redio yake treni izuiwe, akashuka mwenyewe. Babu alikuwa amejikunja, mkono wa kushoto umemlalia vibaya. Alikuwa akipapasa kokoto kwa mkono wa kulia.

"Unatafuta nini, mzee?" mfanyakazi yule alimuuliza.

"Mjukuu wangu yuko wapi? Simwoni. Ameanguka naye?"

Tomé alikuwa amesimama juu yake, umbali wa mkono, kwenye mwanga mkali wa mchana. Hapo ndipo alipoelewa. Babu hakuwa anamkwepa. Babu hakuwa anamwona.

Hospitalini, daktari alisema kifundo cha mkono kimevunjika lakini kitaunga. Kisha akayamulika macho ya Babu, na akayamulika tena.

"Una mtoto wa jicho, mzee, kwenye macho yote mawili," alisema. "Lenzi zimeingia ukungu. Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana," Babu alijibu kwa sauti ndogo.

Iolanda, mama yake Tomé, alikuwa amefika kutoka kiwanda cha nguo, vipande vya uzi vikiwa bado vimemganda kwenye aproni. Mafalda alisimama kando yake, akipumua kwa nguvu kwa sababu alikimbia njia yote.

"Mwaka jana, Baba?" Mama alisema. "Mwaka mzima mimi binti yako nakuja kwako, nakupikia, na hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungefuta safari. Halafu ungenihamisha nyumba. Nilitaka kwanza niwatembeze hawa watoto, nikiwa bado naona mwangaza. Ndiyo maana nilichagua miji ile. Lisboni nilikuwa askari. Évora kiwanda kilinituma kila mwaka kununua sufu. Coimbra ni kwao marehemu bibi yenu. Huko miguu yangu inajua njia yenyewe. Porto sijawahi kukanyaga. Ningewapoteza watoto wa watu."

Mafalda alianza kulia. "Alinifunga kwa ahadi, Shangazi. Nilimwona akimwaga kahawa nje ya kikombe, nikagundua. Akaniapisha."

Tomé alitamani sakafu immeze. Lakini kila mtu alikuwa amekwisha sema la kwake, na la kwake peke yake ndilo lililokuwa limebaki.

"Mafalda hakuumwa kichwa leo," alisema. "Nilidanganya. Nilimdanganya na yeye pia. Nilitaka Babu aje peke yake, kwa sababu nilidhani wananifanyia njama."

Hakuna aliyemkaripia, na hilo lilimuuma zaidi. Babu alinyoosha mkono wake mzima, akapapasa hewani mpaka akakipata kichwa cha mjukuu wake.

Daktari aliwaeleza kwamba ugonjwa huo hutibika kwa upasuaji mfupi, na kwamba watu wengi hurudi kuona vizuri, mradi tu waje. "Huyu mzee ameteseka mwaka mzima kwa kitu ambacho tungekimaliza asubuhi moja," alisema. "Jicho likianza ukungu, usiongee na ukuta. Ongea na daktari."

Safari ya mwezi wa saba haikuwepo. Majira ya vuli Babu alipasuliwa jicho la kwanza, na baada ya Krismasi la pili. Asubuhi kitambaa kilipoondolewa, alimtazama Mama kwa muda mrefu, akamwambia kwamba ameanza kuota mvi. Mama alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

Likizo ya Pasaka ilipokaribia, ramani ilitandazwa tena mezani. Babu aliinama juu yake akisoma majina kwa sauti, hata ya vijiji ambavyo hakuna mtu aliyemuuliza.

Kabla miji haijatajwa, Tomé alimgeukia binamu yake. "Mafalda, nikuulize kitu. Ungechagua kwa moyo wako, bila kumfikiria Babu, ungesema wapi?"

"Faro," Mafalda alijibu papo hapo. "Nataka bahari."

"Siyo Coimbra?"

"Coimbra nikifaulu nitakaa miaka. Haraka ya nini?"

"Mbona siku ile hukusema?"

"Mbona hukuuliza? Ulikuja kwenye zile ngazi na jibu lako mkononi. Ulitaka niweke sahihi tu."

Tomé aliona haya, lakini safari hii alicheka pia. "Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Ila kiti cha dirishani ni changu mpaka Faro."

"Basi Faro kusini, na Porto kaskazini," Babu alisema. "Mtaniua kwa treni. Na mimi nachagua Guimarães."

"Umewahi kufika huko, Baba?" Mama aliuliza.

"Sijawahi. Nataka mji nitakaoutazama kwa mara ya kwanza." Babu alivua miwani yake mipya, akaifuta, akawatazama wajukuu wake mmoja mmoja. "Sikilizeni. Mimi niliogopa swali la binti yangu, nikajificha gizani, na giza likaongezeka. Mafalda alitunza siri ambayo ilikuwa inanidhuru. Siri ya namna hiyo mpelekeeni mtu mzima, hata kama mwenyewe amewaapisha. Na wewe Tomé, kumshuku mtu si kosa. Kosa ni kukaa na shaka hiyo peke yako mpaka ikakufundisha kusema uongo. Siku nyingine ukiona jambo hulielewi, njoo uniulize mbele ya uso wangu. Hata nikikasirika, uliza tena."

"Nitauliza, Babu."

"Anza sasa."

Tomé alifikiri kidogo. "Babu, unaogopa kwenda mji usioujua?"

Mama aliacha kukata mkate.

"Kidogo," Babu alisema hatimaye. "Ukiwa huko, tembea karibu nami."