Jua la Same Lilikataa Kuzama

Wasomaji wenzangu, nina miaka hamsini na minne, nina mke na watoto wanne, na sitazami mpira kwenye runinga. Watoto wakianza kugombea viti mbele ya mechi, mimi nachukua jembe langu naenda shambani. Wananicheka, wanasema baba kazeeka vibaya. Laiti wangejua!

Mimi ni Mpare wa Gonja, Msabato wa kuzaliwa, na baba yangu ni mzee wa kanisa. Kwetu Ijumaa jioni makande yameshaiva na kuni zimeshachanjwa, na tangu hapo hakuna kazi wala mchezo mpaka jua la Jumamosi lizame. Nililelewa hivyo na sikuwahi kuona ni mzigo. Mzigo nilikuja kutwishwa na wengine.

Miaka ile ya ruksa ya biashara, maduka yamejaa vitu na mifuko haina kitu, nilikuwa nafanya kazi kwenye shamba la mkonge huko tambarare, chini ya milima yetu. Shamba lilikuwa la umma, likauzwa kwa tajiri mpya. Tajiri akaanza kupunguza watu! Kila wiki jirani mmoja kambini alifunga virago, na sisi tuliobaki tulikuwa tunaogopa hata kuagana naye.

Mimi nilibaki kwa sababu nilikuwa golikipa na nahodha wa timu ya shamba. Tajiri alipenda mpira. Alitukusanya akatuambia wazi kwamba tukipanda daraja, wachezaji wote tuna kazi na nyumba. Tusipopanda, timu inavunjwa na sisi tunawafuata wenzetu. Mke wangu, Nakijwa, alikuwa mjamzito. Ningempeleka wapi?

Basi tulicheza kama watu wanaofukuzwa na nyuki... tukaongoza ligi! Utaratibu ulikuwa umewekwa tangu mwanzo, na kila timu ilikuwa inaujua. Aliyeongoza anasubiri wenzake wachujane, kisha fainali ya kupanda daraja inapigwa kwenye uwanja wake, Jumapili. Hiyo ndiyo ilikuwa zawadi yetu ya jasho la msimu mzima. Haki, au siyo haki?

Ndipo wakaja watu wa runinga.

Runinga ndiyo kwanza ilikuwa inaanza nchini, wengi wetu hatukuwahi hata kuiona. Kituo kimoja cha Dar es Salaam kikataka kuonyesha fainali yetu. Kikaitishwa kikao Same mjini kupanga mambo, na kila timu ilitakiwa kumleta nahodha wake. Kikao chenyewe siku ya Jumamosi! Ningeweza kuomba wasogeze siku. Sikuomba, niliona ni usumbufu. Nikamtuma Method.

Method alikuwa golikipa wa akiba, Muha, baba yake aliletwa kukata mkonge akazeekea palepale. Tulikuwa tunakula sahani moja. Mke wangu alipolazwa, mke wake ndiye aliyetupikia. Kama si yeye, ningemwamini nani?

Alirudi jioni anatabasamu. Fainali imehamishiwa Same mjini, alisema, maana gari la mitambo haliwezi barabara yetu na uwanjani kwetu hakuna umeme. Tena itachezwa Jumamosi saa kumi, kwa kuwa Jumapili kituo kina mambo mengine. Na timu zikitoka sare hakuna muda wa nyongeza, ni penalti moja kwa moja, ili mwanga usiwaishie watu wa runinga.

Nikamuuliza, "Hukuwaambia kwamba mimi ni Msabato?"

"Niliwaambia, kaka. Niliwaambia sana! Wakubwa wameshaamua, mimi ni nani?"

Kesho yake nilipanda basi mpaka Same kwa katibu wa chama cha mpira, mzee mmoja mpole. Nikamwamkia, nikamweleza shida yangu. Akanitazama kwa huruma. "Kijana wangu, mwenzenu aliulizwa mara mbili. Alisema timu yenu haina pingamizi, na kipa yupo."

Kipa yupo! Kipa aliyemsema ni yeye mwenyewe... Rafiki yangu alitaka kuonekana nchi nzima.

Katibu alisema ratiba imeshatangazwa, haibadiliki. Nikarudi kambini nimebanwa kila upande. Nikicheza, namvua nguo baba yangu mbele ya kanisa lake, na mimi mwenyewe namkosea Mungu wangu. Nisipocheza, mke wangu atajifungulia barabarani. Usingizi uliniruka. Nakijwa hakuniambia cheza wala usicheze.

Kocha ndiye aliyeniokoa, au ndivyo nilivyodhani. Alisema Method aanze, mimi nikae pembeni, jua likizama tu aniingize. Nilikubali mbio mbio! Upande wetu wa Gonja milima iko magharibi. Kipindi cha pili kikianza, jua huwa linaingia nyuma ya mlima, na wazee hufunga Sabato hapo hapo. Nikaona kumbe Mungu kanifungulia mlango, nikampelekea baba habari. Nilikuwa nimefika Same mara nyingi, lakini sikuwahi kukaa nikatazama jua la huko linazamia wapi.

Siku ikafika. Uwanja ulifurika, watu wamepanda mpaka juu ya paa. Mimi nilikaa kwenye nyasi nimevaa suti yangu ya kanisani, jezi ndani. Kipindi cha kwanza wakatufunga. Cha pili tukasawazisha! Watu wakaruka, mimi macho yangu yako magharibi.

Jamani... Same upande ule hakuna mlima! Ni nyika tupu mpaka macho yanachoka. Jua lilikuwa limekaa pale juu, jeupe, halina haraka na mtu.

Filimbi ikalia, sare. Penalti! Na penalti ndiyo ilikuwa kazi yangu, msimu ule wote nilifungwa moja tu. Kocha akanijia mbio, nafasi ya kubadilisha mtu ilikuwa imebaki, na kanuni zetu ziliruhusu kubadili kipa kabla ya penalti. "Ingia, baba, ingia! Jua lenyewe limeshakwisha!" Lilikuwa halijaisha. Lilikuwa limebaki upana wa kiganja juu ya nyika. Wenzangu wananiita kwa jina, mmoja kapiga magoti mbele yangu analia, ana watoto watano. Mguu ukataka kwenda... ukakataa.

Penalti zikapigwa, Method hakugusa hata mpira mmoja. Tulipotoka uwanjani watu wakitutemea maneno, ndipo jua likazama.

Tajiri alitimiza ahadi yake. Timu ikavunjwa, nasi tukaambiwa tuachie nyumba. Method mwenyewe hakunusurika, alirudi kwao Kigoma bila kuniaga. Sikumfuata. Ningemwambia nini?

Nilipanda mlima na Nakijwa na godoro letu. Baba alikuwa uani. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Akatupokea mzigo, akatukalisha. Kisha akauliza taratibu, "Walisema Method ndiye aliyesimama golini mpaka mwisho. Uliumia?"

"Sikuumia, baba. Ilikuwa Sabato."

Akashangaa. "Sabato gani? Jua liliingia mlimani mapema, tukafunga ibada. Nikaliomba kanisa lote lipige magoti tukuombee. Nilijua saa ile umeshaingia golini."

"Baba, Same jua lilikuwa bado."

Akageuka kuutazama mlima. Halafu akasema, "Ni kweli. Same hakuna mlima upande ule." Akaingia ndani, na nikamsikia analia. Sikuwahi kumsikia baba analia.

Kama fainali ingechezwa kwetu, kama ilivyokuwa haki yetu, hata iwe Jumamosi ile ile, ningekuwa golini na Sabato yangu imeisha salama!

Ndugu zangu, nawasihi. Panapopangwa siku yako, nenda mwenyewe. Ukishindwa kwenda, piga kelele kikao kisogezwe, uonekane msumbufu, wakuchukie. Mimi niliona haya kukataa siku ya kikao, nikaja kulia siku ya mchezo.

Baba bado yu hai, macho hayaoni vizuri. Kila Jumamosi jioni huniuliza kama jua limeingia mlimani. Hata likiwa limeshaingia, mimi humjibu, "Bado kidogo, baba," na tunaendelea kukaa.