Jina la Kumi na Mbili

Saa saba kasorobo mchana, siku ya tisa ya amri ya kutotoka nje, mlinzi wa lango alipeleka ndoo ya maji nyumba ya kwanza. Alimkuta Mzee wa Orodha kalala kifudifudi sebuleni, kisogo kimepasuka, na jiwe la kuzuia mlango liko kando yake. Mlinzi akafanya kosa ambalo mtu yeyote mwenye moyo angelifanya. Aliitupa ndoo, akapiga magoti, akakiinua kile kichwa. Watu walipofika wakamkuta na damu mpaka viwikoni.

Saa saba na dakika kumi alikuwa amefungwa kwa kamba ya kuanikia nguo kwenye nguzo ya lango.

Ua ule ulikuwa na nyumba tano za kupanga, na wote waliozipanga walikuwa wageni waliotoka nchi moja kufuata kazi. Walikuja kwa mikataba ya miaka miwili wakakaa sita, minane, kila mwaka wakisema huu ndio wa mwisho. Sasa barabara zilikuwa zinawaka moto, na maisha yao yalikuwa kujaza maji kila chombo, kubandika karatasi za gundi kwenye vioo, na kuwapigia simu mama zao kusema tuko salama huku wakifunika kipaza sauti risasi zisisikike.

Mzee wa Orodha, mpima ardhi mstaafu, ndiye aliyeteuliwa na ubalozi kuwaangalia wenzake. Kila nyumba ilipewa simu ya upepo moja, na mara tatu kwa siku, saa kumi na mbili asubuhi, saa sita na saa kumi na mbili jioni, aliziita nyumba kwa zamu nazo zikaitika. Sheria yake haikuwa na mlango wa nyuma: kila mtu aitike hewani, wote wamsikie. Mwalimu wa nyumba ya tatu aliwahi kukutana naye langoni saa sita kamili. Ilibidi waachane, kila mmoja aende pembe yake ya ua, ndipo waitane redioni kama wendawazimu.

Muuguzi wa nyumba ya pili alifika akiwa bado na mkasi wa bandeji mkononi. Kabla ya kusomea uuguzi, kule kwao, alikuwa mpokea miito ya magari ya wagonjwa, na alibaki na tabia ya kusikiliza kuliko kusema. Alimshika marehemu shingo, akamkunja vidole, akaangalia damu ilivyoanza kuganda pembeni.

"Hajamaliza saa moja na nusu," alisema. "Na saa sita tulimsikia sote. Kauawa kati ya saa sita na dakika tano na saa saba kasorobo."

"Na sisi sote tuliitika," alisema Mhandisi wa pampu, wa nyumba ya tano. "Asiyeitika ni mmoja tu. Dada, hatuna muda. Basi la ubalozi linakuja saa kumi. Tumkabidhi huyu kwa Kapteni, tukafunge mizigo."

Kapteni wa askari alikuwa na kizuizi chake cha barabara mwisho wa mtaa. Jumanne alikabidhiwa vijana wawili waliodaiwa kuiba mafuta. Jumatano asubuhi walionekana mtaroni. Hakuna aliyekuwa hajui maana ya kumkabidhi mtu kwa Kapteni.

"Nipeni mpaka saa tisa," alisema Muuguzi.

Foremani wa barabara, mmoja wa vijana saba wa nyumba ya nne na mkubwa wao, alitazama saa yake. "Saa tisa kamili. Baada ya hapo mimi mwenyewe nampeleka."

Muuguzi akabaki sebuleni peke yake. Sanduku la Mzee lilikuwa limeshafungwa. Mezani palikuwa na muhuri, simu yake ya upepo ikiwa bado imewashwa, na orodha ya basi. Akaihesabu. Jana jioni Mzee alisoma redioni orodha ya watu kumi na mmoja: yeye, Muuguzi, Mwalimu, Mhandisi na vijana saba wa barabara. Karatasi ile ilikuwa na mistari kumi na miwili. Mstari wa mwisho ulikuwa wa mke wa Mhandisi, na wino wake ulikuwa mweusi zaidi ya wa mingine.

Mwanamke yule alikuwa mwenyeji wa nchi ile, na basi lilikuwa la wenye paspoti ya nchi ya wale wageni tu. Je, Mzee alilainika dakika ya mwisho? Huenda. Hata mawe hulowa mvua.

Alianza na mlinzi. Mdomo wa juu ulikuwa umevimba. Kuna aliyempiga tayari.

"Ulimwona nani akiingia kwa Mzee?"

"Mwalimu, dada. Saa tano na robo. Aligonga mlango kama anataka kuung'oa. Baadaye alitoka anatukana."

"Baada ya hapo?"

"Saa tano na nusu nilikwenda kisimani nyuma. Foleni ndefu, maji yanadondoka. Nimerudi na ndoo ndiyo nikamkuta." Alimeza mate. "Dada, miaka minne nawafungulia lango. Hata jina langu hamjaniuliza, na leo mnasema mnanijua kuwa muuaji."

Muuguzi alimlegezea kamba kidogo, ingawa Foremani alikuwa anatazama.

Mwalimu alimkuta kakaa sakafuni amekumbatia mbwa wake, mnyama mnene aliyekula vizuri kuliko wanafunzi wengi.

"Uligombana na Mzee."

"Nilimwomba kiti cha huyu. Akasema kwenye basi hapandi mbwa labda mbwa awe mimi." Alicheka, kisha uso ukamharibika. "Maneno ya mwisho niliyomwambia ni kwamba Mungu amlaani. Unaniona mimi ndiye?"

"Saa sita ulikuwa wapi?"

"Hapa. Niliitika, huyu akabweka, Mzee akasema 'nyumba ya tatu, wawili'. Kunitania tu. Halafu nyumba ya nne, halafu ule mlio wa kutoboa masikio nyumba ya tano ilipoitika. Mbwa alijificha chini ya kitanda, ndiyo kwanza nimemtoa, na hataki kuachwa."

Muuguzi aliukumbuka. Hata yeye aliitupa redio kitandani. Sauti ya Mhandisi ilisema "nyumba ya tano, tupo", na chini yake ukapanda mlio mwembamba uliokata mpaka kwenye meno. Wote walidhani betri zimechoka. Lakini mbwa ndiye aliyemtuliza kuhusu Mwalimu: tangu ule mlio mbwa alikuwa chini ya kitanda, na Mwalimu hawezi kuachana na mbwa hata chooni.

Vijana wa barabara walikuwa saba katika chumba kimoja, wakicheza karata; kila mmoja alimtetea mwenzake, na karata zilikuwa bado mezani. Ilibaki nyumba ya tano. Mhandisi alikuwa analifunga sanduku kwa kamba.

"Saa sita nilikuwa hapa hapa, dada. Kwenye kiti hicho. Uliza redio."

"Na shemeji?"

"Alikuwa jikoni."

"Mzee alimkubali mkeo lini?"

Mikono yake ilisimama kwenye fundo. "Jana usiku. Nilimwomba, akaona huruma. Ana mimba ya miezi saba, na Mzee naye alikuwa binadamu."

Muuguzi alimkuta mwanamke mwenyewe uani nyuma, ameinama juu ya beseni la nguo, tumbo limemtangulia.

"Wifi, karibu. Nimesikia. Masikini mzee wa watu."

"Hongera kwa safari, wifi."

Mwanamke alinyanyua uso. "Safari gani? Mume wangu ndiye anayeondoka. Mimi tulishakubaliana nabaki na mama mpaka nijifungue."

"Mlizungumza naye leo?"

"Tangu saa tano na nusu sijamwona mpaka muda huu wa kelele. Alisema anakwenda kuangalia pampu, akaondoka na redio yake. Kwani vipi?"

Muuguzi alisimama pale akilitazama povu linavyopasuka. Mhandisi alikuwa anamwita dada kwa miaka mitano. Muuguzi alipougua malaria, Mhandisi ndiye aliyembeba mgongoni kumpeleka zahanati.

Saa tisa kasoro dakika kumi aliwaita wote sebuleni kwa Mzee. Maiti ilikuwa imefunikwa shuka. Mlinzi alikuwa mlangoni, Foremani kamshika kamba. Mke wa Mhandisi alikuja pia, akasimama nje ya dirisha.

"Kaka," alimwambia Mhandisi, "nenda nyumbani kwako, kaa kwenye kile kiti chako, nikuite kama Mzee alivyokuita saa sita."

"Mchezo wa nini huu?"

"Dakika mbili tu."

Akaenda, maana kukataa mbele ya watu wote kungekuwa jibu. Muuguzi alichukua redio ya Mzee pale mezani. "Nyumba ya tano."

"Nyumba ya tano, tupo." Sauti ilikuja safi kabisa.

"Mlio uko wapi?" Mwalimu aliuliza.

"Ndiyo swali lenyewe. Rudi kaka."

Mhandisi aliporudi, Muuguzi alimwonyesha mahali karibu na meza. "Simama hapo. Bonyeza, useme maneno yale yale."

Hakubonyeza. Alisema, "Betri imekwisha," na taa ndogo ya kijani ikiwaka mkononi mwake, kila mtu anaiona.

"Mwalimu, washa yako."

Mwalimu alibonyeza kitufe akafungua mdomo. Kabla hajatamka neno, redio ya Mzee ilipiga ukelele ule ule wa saa sita, mwembamba, wa kukata meno. Foremani aliziba masikio.

"Redio mbili zikiwashwa chumba kimoja, moja ikisema, nyingine hupiga kelele," alisema Muuguzi. "Nilipokuwa mpokea miito tulifundishwa hilo siku ya kwanza. Ndiyo maana Mzee na Mwalimu walikwenda kila mmoja pembe yake. Leo saa sita, kila nyumba iliitika kwake, isipokuwa moja iliyoitikia humu ndani. Mzee alikuwa anatazamana nawe, kaka. Kwa nini uliitika?"

Mhandisi alikaa chini, palepale sakafuni.

"Alinyanyua redio," alisema taratibu. "Katikati ya maneno yangu. Namwambia habari za mtoto wangu ananyanyua redio anaita nyumba ya pili, ya tatu. Ikafika ya tano ananitazama tu, anangoja. Nikaiwasha yangu, nikabonyeza. Mazoea yana taabu. Siku zote hizi tunaitika kama kuku."

"Halafu?"

"Nikamwambia andika jina moja tu. Viti vipo ishirini. Akasema karatasi haina huruma, ina paspoti. Akanigeuzia mgongo afunge sanduku lake." Alijifuta uso kwa mkono mzima. "Jiwe lilikuwa pale mlangoni. Sikufikiri. Nilipopata akili nikachukua kalamu."

"Na huyu?" Muuguzi alimwonyesha mlinzi. "Kwa huyu ulifikiri. Ulikuwa na saa mbili za kufikiri."

Mhandisi hakumtazama mlinzi. Hilo Muuguzi hakumsamehe, wala baadaye hakulisahau.

Foremani aliifungua kamba ya mlinzi, akabaki nayo mkononi kama hajui ni ya nani. "Sasa huyu, jamani, hatuwezi kumpa Kapteni. Ni mtu wetu. Tumfunge tu, twende naye, ahukumiwe nyumbani kwa sheria, awe na wakili."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Hakuna aliyepinga, hata Muuguzi hakupinga. Ila alisema kwa sauti ya kusikika:

"Mwenye sheria na wakili tumemjua. Saa mbili zilizopita tulikuwa na mwingine hapa, na hakuna aliyeyataja hayo."

Mlinzi alikuwa anasugua vifundo vya mikono. Alikohoa, akatema damu nje ya mlango.

Basi lilifika saa kumi na dakika ishirini, limeshajaza wageni wa mitaa mingine. Maiti ya Mzee ilipakiwa kwanza, kisha vijana wa barabara, kisha Mwalimu aliyemficha mbwa ndani ya blanketi na ofisa wa ubalozi akajifanya haoni. Mhandisi alipandishwa amefungwa, akakalishwa dirishani. Ofisa alishika orodha yenye muhuri.

"Nina majina kumi na mawili. La mwisho ni mwanamke. Yuko wapi?"

Muuguzi angeweza kusema ule mstari ni wa uongo. Hakusema. Alikwenda kwa mke wa Mhandisi aliyesimama kando ya lango, akamshika mkono.

"Wifi, jina lako limo. Panda. Hakuna atakayekuuliza kitu, nami nitakaa nawe njia nzima."

Mwanamke alilitazama basi, dirisha moja baada ya jingine, mpaka akalifikia la mumewe. Mumewe alikuwa anatikisa kichwa kumwita, machozi yanamtiririka bila mkono wa kuyafuta.

"Nani alimwambia nataka kuondoka?" alisema. "Mama yangu yuko hapa. Dada zangu wako hapa. Nilimwambia nenda, nitakuletea mtoto mambo yakitulia. Hakuniuliza, wifi. Ameua mtu kwa ajili yangu na hakuniuliza."

"Hapa ni hatari."

"Hapa ni kwetu."

Alivua kitambaa cha kichwani, akajifuta uso, akakifunga upya. Kisha akamgeukia mlinzi.

"Baba, njia ya sokoni bado inapitika?"

"Kwa nyuma, mama. Nitakusindikiza."

Basi liliondoka na kiti kimoja kitupu karibu na Mhandisi. Hakuna aliyetaka kukikalia, hata waliokuwa wamesimama.