Jina Lililoachwa Kumbini

Bi Halima alimtuma bintiye dagaa tu. Jua lilikuwa linazama, na Husna alitoka nyumbani Rahaleo mpaka soko la Chikongola, akanunua, kisha akapita kwa Faraja, shoga yake anayetengeneza simu.

"Zimepanda tena!" Faraja akapiga makofi. "Si nilikwambia?"

Faraja ndiye aliyemwingiza kwenye sarafu za mtandaoni. Elfu mbili leo, elfu tano kesho, faida yote ya maandazi anayouza Husna imeishia humo, ili apate pesa ya kumsomea hitima mdogo wake Hemedi, aliyezikwa kijijini Mahurunga kabla ya mvua.

"Lakini nani anazifanyia kazi mpaka zikapanda?"

"Mashine, huko Ulaya. Kazi yako wewe ni kulala."

"Pesa izae na hakuna aliyetoka jasho? Umeona wapi?"

"Haya, ubishi wako huo. Nenda, giza linaingia."

Siku ya kufungua akaunti, Faraja alimwambia achague neno la siri ambalo hakuna mtu aliye hai atakayelitamka. Husna akaona amelipata. Akaandika jina la utotoni la Hemedi.

Hapo ndipo alipokosea. Huku kwetu mtoto akitoka jando hutoka na jina jipya. La zamani huachwa porini, kumbi walimolala wali wa jando linapochomwa moto, na kumwita mtu kwa jina hilo ni tusi angali hai. Akishakufa je? Hakuna aliyewahi kuthubutu. Hata hapa halitaandikwa.

Kichochoroni taa zilikuwa hazijawashwa. Simu ikatetemeka, ikadai neno la siri kama kila jioni. Husna akaandika, herufi moja moja.

"Naam."

Sauti ya mtoto. Nyuma yake.

Akasimama. Ilimjia harufu ya moshi wa kuni mbichi... na ya udongo uliofukuliwa.

"Naam, dada."

Akageuka. Mtoto wa kumfika kiunoni, shuka la jando begani. Uso ulikuwa wa Hemedi, ule wa kabla ya kumbi. Viganja vimechubuka, vinatoka maji.

"Hemedi?"

Hakuitika. Jina hilo alikuwa hajapewa bado.

"Unaniita kila jioni," akanong'ona. "Nikija napewa kazi. Haina usiku kazi ile, dada. Nimechoka."

"Nani... nani anakupa kazi?"

Mtoto akaitazama simu iliyokuwa inang'aa mkononi mwa Husna.

"Kwani faida huipati?"

Husna alikimbia. Dagaa walibaki mchangani.

Nyumbani alimweleza mama yake yote, kwa kwikwi, akitamani atukanwe. Bi Halima hakumtukana. Aliuliza taratibu:

"Alikuwa amevaa?"

"Shuka, mama."

"Alikuwa anatetemeka na baridi?"

"Mama..."

"Andika tena."

"Mama, amechoka! Tukimwita tu, anarudishwa kazini!"

"Mara moja, mwanangu. Nimwone. Nimpake mafuta mikono."

Husna akaitia simu kinuni, akashika mchi, akatwanga mpaka kioo kikawa unga. Mama yake alilia kama siku ile ya maziko.

Kulipokucha Faraja alimwita mjinga. Simu ukiivunja akaunti haifungwi. Ili kuifunga lazima neno liandikwe tena. Na hela ziko kule kule, zinapanda. Bado zinapanda! Hebu mwenye jibu aseme, zinapanda kwa mikono ya nani?

Husna hajaandika. Hitima haijasomwa.

Wala jina lenyewe halikuwa kwenye simu peke yake. Bi Halima ndiye aliyempa mwanawe jina lile, siku aliyojifungua. Alilitunza kimya miaka yote, kama mila inavyotaka, kwa kuwa hakujua kwamba akiita ataitikiwa. Sasa anajua. Kila ikiadhiniwa magharibi hukaa kizingitini, chupa ya mafuta ya nazi mapajani, macho kichochoroni. Husna hukaa miguuni pake, anautazama mdomo ule.

Jana ulifunguka. Midomo ikaanza kuiunda herufi ya kwanza...

Husna akauziba kwa kiganja. Machozi ya mama yakamlowesha vidole.

Nje, gizani, kitu kidogo kikavuta kamasi. Kinasubiri kuitwa.